Kuvua mamlaka ya root kwenye seva ya kuingia kwa mbali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa anayeandika, anayekagua au anayehamishia kwenye mfumo mwingine seva inayopokea watu kutoka mbali na kuwapa sheli: SSH, telnet ya zamani, au programu mliyojiundia wenyewe. Maswali ni mengi, lakini majibu yake yanazunguka jambo moja. Mamlaka ya root, mtumiaji mkuu wa Unix, hayajavuliwa mpaka umejaribu kuyavaa tena ukashindwa. Majina ya miito, yaani maombi ambayo programu huyapeleka kwa kerneli (kiini cha mfumo endeshi), hubadilika kutoka mfumo hadi mfumo, na maana zake hubadilika hata pale majina yanapofanana, kwa hiyo usitegemee kumbukumbu yako. Tegemea jaribio.

## Kwa nini seva ianze ikiwa root? Si ingeanza kama mtumiaji wa kawaida?

Sababu zinazotajwa kwanza ndizo ndogo. Poti 22 iko chini ya 1024, na kwa desturi ya Unix poti hizo hufunguliwa na root. Ufunguo wa siri wa seva husomwa na root, sawa na /etc/shadow, faili ya nywila. Terminali aliyopewa mtumiaji lazima ibadilishiwe mmiliki. Haya yote yana njia za kuzunguka.

Lisilo na njia ya kuzunguka ni hili: seva haijui nani atabisha hodi. Dakika hii ni mtumiaji mmoja, ijayo ni mwingine, na kwenye Unix wa kuweza kujigeuza yeyote kati yao ni root au mchakato uliopewa uwezo huo mahususi. Kama seva yako inamhudumia mtu mmoja tu, iendeshe kwa UID yake (namba ya mtumiaji) tangu mwanzo, kwenye poti ya juu. sshd yenyewe, seva ya OpenSSH, hukubali kuendeshwa hivyo, na sehemu kubwa ya ukurasa huu hutaihitaji.

## Mchakato una UID ngapi?

Kwenye mifumo ya Unix ya leo, tatu. UID halisi inasema mchakato ni wa nani. UID tendaji ndiyo inayoangaliwa unapofungua faili au kuua mchakato mwingine. UID iliyohifadhiwa ni akiba: kinachowekwa humo mchakato unaweza kukirudisha kwenye UID tendaji wakati wowote. Linux ina ya nne, ya mfumo wa faili, ambayo kwa kawaida hufuata ile tendaji bila kuguswa. GID, namba za kundi, nazo zimepangwa vivyo hivyo, na pembeni yake kuna orodha ya makundi ya ziada.

Hatari iko kwenye akiba. Mchakato wenye UID tendaji 1000 unaonekana mpole kwa kila kipimo cha kawaida: hauwezi kusoma /etc/shadow, na geteuid() inajibu 1000. Lakini kama iliyohifadhiwa bado ni 0, mshambuliaji akiuteka anaita seteuid(0), anakuwa root. Mamlaka yamefunikwa tu, hayajavuliwa.

## Nimeita setuid() na UID ya mtumiaji. Kuna kilichobaki?

Inategemea ulikuwa nani ulipoiita, na uliiita kwenye mfumo gani.

Ukiwa na UID tendaji 0, setuid(1000) hubadilisha zote tatu, na hakuna kurudi. Ukiwa huna mamlaka wakati huo, Linux na Solaris hubadilisha ile tendaji peke yake, ilhali FreeBSD hubadilisha zote tatu. Jina ni moja, kazi ni mbili, na kompaila haina neno la kukuambia.

Mtego wenyewe huwa hivi. Seva inashuka kwa muda kwa seteuid(1000) ili isome faili ya mtumiaji. Baadaye, mahali pengine kwenye msimbo, mtu anaandika setuid(1000) akidhani anashuka moja kwa moja. Kwenye Linux mwito huo unashindwa kwa kosa la EPERM na haubadilishi chochote, kwa kuwa 1000 si UID halisi wala iliyohifadhiwa; asipoangalia jibu, hatajua. Iliyohifadhiwa imebaki 0. Ili ushuke kabisa inabidi upande kwanza: seteuid(0), kisha ndipo setuid(1000). Wengi hushangaa wakiambiwa hivyo, nami nilishangaa siku ya kwanza, lakini ndivyo kanuni zilivyo.

Mwaka 2002 watafiti Hao Chen, David Wagner na Drew Dean walichambua miito hii kwenye Linux, Solaris na FreeBSD, wakaonyesha kuwa tofauti hizi zimekita ndani ya kerneli zenyewe. Pendekezo lao bado linafaa: palipo na setresuid(), itumie, kwa sababu inataja UID zote tatu waziwazi na haina maana mbili.

## Kipi kije kwanza: makundi au mtumiaji?

Makundi, kila mara. Kubadilisha GID na orodha ya makundi ya ziada kunahitaji mamlaka ya root. Ukivua UID kwanza, mamlaka ya kuvua makundi umeshayatupa.

Mfuatano wenyewe, palipo na setresuid(), ambapo kufa() huua mchakato papo hapo:

```
if (initgroups(jina, gid) != 0) kufa();
if (setresgid(gid, gid, gid) != 0) kufa();
if (setresuid(uid, uid, uid) != 0) kufa();
```

Mstari unaosahauliwa ni wa kwanza. setgid() haigusi makundi ya ziada, kwa hiyo mtu anaingia akiwa na UID na GID zake sahihi, huku mgongoni amebeba makundi ya mchakato uliomzaa. Kwenye mfumo wenye kundi linalomiliki diski ghafi au faili za kumbukumbu za mfumo, hiyo ni nusu ya root.

Usidhani kosa hili ni la wanagenzi. OpenSSH kuanzia 6.2 hadi 8.7 haikuweka sawasawa makundi ya ziada ilipoendesha amri ya AuthorizedKeysCommand au AuthorizedPrincipalsCommand, programu za nje za kutafuta funguo na majina yanayokubaliwa, kwa jina la mtumiaji mwingine. Amri hiyo ilirithi makundi ya sshd yenyewe. Ilirekebishwa kwenye 8.8, Septemba 2021, na kupewa namba CVE-2021-41617. Msimbo uliosomwa na macho makali kuliko karibu wote duniani uliishi na kasoro hiyo kwa miaka, kwa sababu ilikuwa kwenye njia ya pembeni, si ile kuu ya kumpa mtumiaji sheli yake. Ukikagua seva, tafuta kila mahali inapozaa mchakato. Mlango mkubwa huwa umeshakaguliwa na wengine.

## root anawezaje kushindwa kushuka?

Anashindwa, na historia imeshatoza watu gharama yake.

Mwaka 2000 iligundulika kuwa kerneli ya Linux hadi toleo 2.2.15 ilimruhusu mtumiaji wa kawaida kumnyima mchakato wa root ule uwezo wa kubadilisha UID. Sendmail, seva ya barua pepe, ilipoitwa katika hali hiyo, ilijaribu kushuka, ikabaki na mamlaka yake, ikaendelea na kazi. Kerneli 2.2.16 iliziba mwanya.

Mwaka 2010 ikawa zamu ya Android. adbd, huduma inayompa msanidi sheli kwenye simu, ilianza ikiwa root kisha ikaita setuid() bila kuangalia jibu. Kwenye kerneli za wakati ule, setuid() ilishindwa kwa kosa la EAGAIN kama mtumiaji lengwa alikuwa ameshafikia kikomo cha idadi ya michakato. Mshambuliaji alizaa michakato hadi kikomo kikajaa, akaiua adbd, mfumo ukaiwasha upya, setuid() ikashindwa, na adbd ikabaki root mikononi mwake. Tangu Linux 3.1 ya mwaka 2011 ukaguzi wa kikomo hicho umehamishiwa kwenye execve(), mwito wa kuanzisha programu mpya, lakini usijenge juu ya hilo. Kumbukumbu ya kerneli inaweza kuisha, sera ya usalama inaweza kukataa, na UID inaweza kuwa haipo kwenye kontena lako.

Jibu likiwa si 0, mchakato ufe hapo hapo. Usiandike onyo kwenye logi na kuendelea, wala usirudie mara tatu. Mtumiaji aliyekataliwa ataungana tena baada ya sekunde chache. Sheli ya root iliyotolewa kwa bahati mbaya hairudi.

## Nitahakikishaje kwamba mamlaka yamevuliwa kweli?

Kwa njia mbili, na uzitumie zote.

Kwanza soma: getuid() na geteuid() zikupe UID uliyotaka, getgid() na getegid() vivyo hivyo. Palipo na getresuid(), soma na ile iliyohifadhiwa. Kisha jaribu kurudi:

```
if (uid != 0 && (setuid(0) == 0 || seteuid(0) == 0)) kufa();
if (uid != 0 && gid != gid_ya_zamani &&
    (setgid(gid_ya_zamani) == 0 || setegid(gid_ya_zamani) == 0)) kufa();
```

Naulizwa kwa nini nijaribu zote mbili, setuid() na seteuid(). Kwa sababu kwenye mifumo fulani setuid() ya mchakato usio na mamlaka haiangalii UID iliyohifadhiwa, bali seteuid() huiangalia. Ukijaribu moja tu, unaweza kupata uhakika wa uongo.

OpenSSH hufanya jaribio la aina hii ndani ya permanently_set_uid(), na likifaulu kurudi, mchakato unakufa papo hapo. Nimekagua seva zilizoandikwa na watu makini ambazo hazikuwa na mistari hii, na kila nilipouliza nilijibiwa kuwa miito imeshaangaliwa. Kuangaliwa kwa mwito kunakuambia kerneli ilikubali ombi. Jaribio ndilo linalokuambia kama uliomba kitu sahihi.

## Kila mfumo endeshi una nini cha pekee?

Linux, FreeBSD na OpenBSD zina setresuid() na setresgid(), na HP-UX ndiko zilikotokea. macOS haina. Huko utatumia setuid() ukiwa root, kisha utathibitisha kwa jaribio la hapo juu. Toleo la OpenSSH linalobebeka lina alama za wakati wa kujenga, BROKEN_SETREUID na SETEUID_BREAKS_SETUID, kwa ajili ya mifumo ambayo miito hii haifanyi kama inavyotarajiwa, na macOS huwekewa zote mbili. Ukiandika msimbo wako mwenyewe, pita kwenye faili yake ya configure.ac kabla hujaanza. Uzoefu wa miaka mingi wa mifumo migeni umekusanyika humo.

macOS ina jambo jingine. Orodha ya makundi ndani ya kerneli inabeba 16 tu, na zaidi ya hapo kerneli huiuliza huduma ya saraka ya mfumo. Uhusiano huo huwekwa na initgroups(). Ukiita setgroups() kwa mkono, unaukata, na mtumiaji mwenye makundi mengi anaanza kunyimwa faili anazostahili bila sababu inayoonekana. Linux inaruhusu makundi 65536, kwa hiyo msimbo uliojaribiwa huko hauonyeshi tatizo hata siku moja.

Kwenye BSD, kuvua UID ni sehemu ndogo ya kumwingiza mtu. Kuna daraja la mtumiaji kwenye login.conf lenye vikomo vya kumbukumbu, kipaumbele na umask, na setusercontext() huyaweka yote pamoja na makundi na UID. Itumie badala ya kuunda mfuatano wako. Angalizo moja: jina la kuingia linalowekwa na setlogin() ni la kipindi kizima, wala si la mchakato mmoja. Usipoita setsid() kwanza, utabadilisha jina la kipindi cha mchakato mzazi. FreeBSD pia, kwa miaka mingi kabla ya toleo 15, ilihesabu kipengele cha kwanza cha orodha ya setgroups() kuwa ndiyo GID tendaji, kwa hiyo kwenye matoleo hayo weka GID ya mtumiaji mbele.

Solaris ina miradi na seti zake za mamlaka, AIX ina setpcred() na usrinfo(). Zote hufanywa kabla ya kuvua UID.

## Na Windows?

Hapa sahau UID. Windows haina mwito wa kumgeuza mchakato uliopo awe wa mtu mwingine. Kila mchakato una tokeni inayobeba mtumiaji, makundi na haki zake, na ukitaka kazi ifanyike kwa jina la mtumiaji, unapata tokeni yake, kisha unazaa mchakato mpya kwa CreateProcessAsUser(). Kwa maoni yangu mpango huu ni safi zaidi: hakuna akiba iliyofichwa, kwa kuwa mchakato mpya haukuwahi kuwa na mamlaka.

Hatari iko kwenye kuigiza. ImpersonateLoggedOnUser() huvika uzi mmoja (thread) wa mchakato tokeni ya mtumiaji kwa muda, na RevertToSelf() huivua. Huo ni ndugu wa seteuid(): msimbo wowote unaoendeshwa ndani ya uzi huo unaweza kurudi kuwa SYSTEM, akaunti ya Windows yenye mamlaka kama ya root. Isitoshe, kuigiza kukishindwa nawe hukuangalia jibu, kazi inayofuata inafanyika kwa jina la huduma yenyewe. Tumia kuigiza kusoma faili moja ya mtumiaji, basi. Usiendeshe msimbo wake humo.

Swali linalofuata huwa: nimeingia kwa ufunguo, mbona sifikii folda za mtandaoni? Kwa sababu hukutoa nywila. Tokeni iliyoundwa bila nywila inatosha ndani ya mashine, lakini haina cha kuionyesha mashine nyingine. Seva haina hitilafu hapo, na dawa si kuipa huduma haki zaidi.

Cygwin, mazingira ya Unix yanayokaa juu ya Windows, inaiga setuid() juu ya mambo haya. Jaribio la kurudi kuwa root halina maana ileile huko, na OpenSSH huliacha kwenye Cygwin.

## Seva yangu ina nyuzi nyingi. Inabadilisha kitu?

Ndiyo, sana. POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya Unix, inasema UID ni ya mchakato mzima. Kerneli ya Linux haijui hivyo. Kwake kila uzi una UID zake. Kinachozipatanisha ni maktaba ya glibc, ambayo ukiita setuid() hutuma ishara kwa kila uzi ili nao ubadilike. Ukiipita maktaba na kuita kerneli moja kwa moja, uzi mmoja unashuka, wengine wote wanabaki root, nao wanatumia kumbukumbu moja. Mshambuliaji aliye kwenye uzi mpole anaandika kwenye kumbukumbu ya uzi wenye nguvu. Hapo hujavua chochote.

Lugha ya Go ilikumbwa na hili waziwazi: kwa miaka kadhaa syscall.Setuid ilikataa kabisa kwenye Linux, kwa kuwa haikuweza kubadilisha nyuzi zote, hadi toleo 1.16 la mwaka 2021. Kukataa kulikuwa uamuzi sahihi kuliko kufanya nusu.

Ushauri wangu: usishushe mchakato wenye nyuzi. Zaa mtoto kwa fork(), ashuke yeye, aite execve(). Na kwa kuwa baada ya fork() kwenye programu ya nyuzi si salama kuita initgroups(), ambayo huenda ikasoma faili au kuuliza mtandao, pata orodha ya makundi mapema kwa getgrouplist(), kisha mtoto aite setgroups() tu.

## PAM iingie wapi kwenye mfuatano?

PAM ni mfumo wa moduli za kuthibitisha watumiaji na kufungua vipindi vyao. pam_open_session() na pam_setcred() ziitwe ukiwa bado root, na pam_setcred() ifuate initgroups(), kwa sababu moduli nyingine huongeza makundi, nayo initgroups() ikija nyuma yake itayafuta. Ndipo uvue UID.

Tatizo ni mwisho wa kipindi. pam_close_session() nayo inahitaji mamlaka, kwa mfano kuondoa saraka iliyounganishwa. Mchakato ulioshuka hauwezi tena. Ndiyo maana lazima abaki mzazi mwenye mamlaka, asiyesoma chochote kutoka mtandaoni, anayengoja mtoto amalize ili afunge kipindi. Watu huona mchakato wa sshd wa root umekaa bila kazi kwenye orodha na kudhani umesahauliwa. Ndiyo kazi yake.

## Kushuka kwa muda kunafaa lini?

Unaposoma faili za mtumiaji kabla hajaingia, hasa authorized_keys, orodha ya funguo zinazoruhusiwa kumwingiza. Ukizisoma ukiwa root, mtumiaji anaweza kuweka kiungo kinachoelekea faili asiyoruhusiwa, na seva ikamsomea. Tena saraka ya nyumbani ya mtumiaji ikiwa kwenye NFS, yaani kwenye seva ya faili ya mtandaoni, root wa mashine yako mara nyingi huhesabiwa kuwa si mtu huko, na faili haifunguki kabisa. Kwa hiyo shuka kwa seteuid() pamoja na makundi yake, soma, panda tena.

Katika kipindi hicho soma tu. Usitafsiri kitu kigumu, usizae mchakato, na kila njia ya kutoka ipitie mahali pa kupanda. Nimeona msimbo ambao njia ya hitilafu ilirudi bila kupanda, seva ikaendelea ikiwa imeshuka nusunusu, na saa kadhaa baadaye setuid() ikaangukia kwenye ule mtego niliousimulia juu.

## UID imevuliwa. Kuna kingine mtumiaji anachorithi?

Kuna vingi, na hapa ndipo seva nyingi zinapovuja.

Faili zilizofunguliwa. Ruhusa huangaliwa wakati wa kufungua, wala si wakati wa kusoma. Ufunguo wa siri wa seva ukiwa bado umefunguliwa kwenye namba 7, sheli ya mtumiaji inausoma. Weka alama ya kujifunga wakati wa exec kwa kila unachofungua, na kabla ya exec funga kila kilicho juu ya 2: closefrom() kwenye BSD na Solaris, close_range() kwenye Linux tangu 5.9.

Vigezo vya mazingira. Mwaka 1995 ilitangazwa kuwa telnetd nyingi zilipokea vigezo kutoka kwa mteja na kuvipitisha hadi kwa login, programu iliyoendeshwa na root. Mshambuliaji aliweka LD_LIBRARY_PATH ikaelekea maktaba yake, na login ikaipakia kabla hata ya kuuliza nywila. Kinga ya kerneli na kipakiaji dhidi ya vigezo hivyo huwaka programu yenye alama ya setuid inapobadilisha UID. Login hapa ilikuwa imezaliwa na root tayari, hivyo kinga haikuwaka. Jenga mazingira mapya kutoka sifuri, na kinachotoka kwa mteja kipite kwenye orodha fupi ya vinavyokubaliwa.

Jina la mtumiaji lenyewe. Mwaka 2007 telnetd ya Solaris 10 ilimpitishia login jina lililoanza na -f, login ikalisoma kama chaguo linalosema mtu huyu ameshathibitishwa. Jina ni data ya adui mpaka lionekane kwenye hifadhi ya watumiaji.

Kumbukumbu ya mchakato. Mtoto aliyezaliwa na seva ana nakala ya ufunguo wa siri, na akishashuka anakuwa wa mtumiaji, ambaye anaweza kujaribu kumchungulia kwa kitatuzi. Kerneli za kisasa hukataa mchakato uliobadilisha UID mpaka afanye exec, lakini usiache ulinzi kwake peke yake. Futa funguo kabla ya kushuka. Kwenye Linux ongeza prctl() yenye PR_SET_DUMPABLE 0, kwenye FreeBSD procctl() yenye PROC_TRACE_CTL.

Saraka ya kazi na umask nazo. Ingia nyumbani kwa mtumiaji baada ya kushuka, usitangulie.

## Na kabla mtumiaji hajathibitishwa?

Hapo ndipo msimbo unakutana na mtandao mzima, na kama anayesoma pakiti ni root, kila kosa la kusoma ni root. Niels Provos, Markus Friedl na Peter Honeyman walilijibu kwa kuigawa sshd: mtoto asiye na mamlaka, aliyefungiwa kwenye saraka tupu, anazungumza na mteja, msimamizi mwenye mamlaka anamjibu maswali machache yaliyopangwa, kama vile kutia saini au kuthibitisha nywila. OpenSSH ililifanya kuwa chaguo la msingi mwaka 2002, na mwaka 2017, kwenye 7.5, ikafuta uwezekano wa kulizima kwa uanzishaji wa kawaida. Mtoto huyo hubanwa zaidi kwa chombo cha kila mfumo: seccomp kwenye Linux, Capsicum kwenye FreeBSD, pledge kwenye OpenBSD.

Lakini mgawanyo unalinda kile ulichokihamisha tu. Julai 2024 kampuni ya usalama ya Qualys ilitangaza CVE-2024-6387: muda wa kungoja uthibitisho ulipoisha, kishughulikia ishara cha sshd kiliita kazi zisizo salama ndani ya ishara, nacho kilikuwa upande wenye mamlaka. Kwenye Linux yenye glibc hilo liliweza kumpa mtu wa mbali root. Kosa lenyewe lilikuwa limesharekebishwa mwaka 2006, likarudi kwenye toleo 8.5p1. Toleo 9.8 lililotoka mwezi huohuo lilitenganisha kabisa msikilizaji na kipindi, kila mmoja programu yake. Upande wenye mamlaka ukiwa mdogo, cha kukagua ni kidogo.

## Niwashe no_new_privs kwa usalama zaidi?

Hii ni alama ya Linux inayozuia mchakato kupata mamlaka mapya unapofanya exec. Kwa mtoto wa kabla ya uthibitisho, ndiyo. Kwa sheli ya mtumiaji, hapana, isipokuwa unakusudia sudo na programu zote za setuid zife ndani ya kipindi chake.

## UID ikisomwa vibaya?

Kwenye setresuid() na setreuid(), thamani -1 maana yake "usiiguse hii". Mtu akifanikiwa kukupa UID 4294967295, mwito unafaulu, haubadilishi kitu, nawe unabaki root. sudo kabla ya 1.8.28, iliyotoka Oktoba 2019, ilikuwa na kasoro hii hasa: kwenye mipangilio iliyomruhusu mtu kuwa yeyote isipokuwa root, kuomba UID -1 kulimpa root. Ikatae thamani hiyo mapema.

Vilevile getpwnam() hurudisha kielekezi cha sehemu moja inayoandikwa upya kila inapoitwa. Moduli ya PAM ikiiita katikati, uid unayoishika imekuwa ya mtu mwingine. Nakili rekodi nzima mara moja. Na jina lisipopatikana, kata. Mwaka 2017 systemd, programu inayowasha huduma kwenye Linux, ilipata lawama kwa sababu mstari wa User wenye jina iliyoliona batili, kama vile 0day, iliupuuza, na huduma ikaendeshwa na root.

## Anayeingia akiwa root mwenyewe?

Hapo hakuna UID ya kuvua, na jaribio la kurudi lirukwe, kama ilivyo kwenye mistari ya juu. Makundi, mazingira na faili zilizofunguliwa bado zisafishwe.

## Nawezaje kuikagua seva inayoendeshwa sasa hivi?

Ingia kama mtumiaji wa kawaida. Andika id, na ulinganishe makundi na yale yaliyo kwenye hifadhi, moja moja. Kwenye Linux soma /proc/self/status: mstari wa Uid una namba nne, zote ziwe zako, Gid vivyo hivyo, na mistari ya CapPrm na CapEff iwe sifuri. Angalia /proc/self/fd kama kuna kisichokuhusu. Kwenye BSD na macOS, ps -o ruid,uid,svuid itakuonyesha zote tatu. Kisha rudia kwa kila njia ya kuingia uliyoiwasha: sheli, amri moja bila terminali, uhamishaji wa faili, na programu za nje zinazotafuta funguo. Ziangalie moja moja, maana kila moja huzaa mchakato wake.